Mama Hakujua

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole, asije mtu akanishangaa huko mbele. Nimepiga picha za harusi nusu ya maisha yangu. Mtu aliyewahi kuwapanga wajomba wa bibi harusi na wajomba wa bwana harusi kwenye mstari mmoja, jua linazama, mshereheshaji anaita, na mjomba mmoja amenuna kwa sababu hakuwekwa katikati, huyo hawezi kubaki mpole. Nilianzia kwenye kibanda cha picha za pasipoti, nikapanda mpaka studio yenye kiyoyozi kinachodondoshea wateja maji. Watu wananiita Simama Hapo, kwa kuwa ndiyo salamu yangu.

Halafu, nikiwa nimeshaota mvi za kutosha kuamkiwa na wanaume wenye ndevu, nikaandika kitabu.

Kitabu ni cha utoto wangu, na utoto wangu haukuwa wa kusimulia mezani. Baba alifariki kabla sijaanza shule. Mama hakuwa na pa kwenda, basi wifi yake, dada yake Baba, akatuchukua kwake. Huyo ndiye Shangazi. Mama akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini, zamu ya usiku. Akishatoka tu jioni, Shangazi alikuwa akinifungia stoo bila chakula, mimi na mkaa na mabeseni mabovu, mpaka kunapambazuka. Alisema nina mdomo wa kula kama wa baba yangu. Asubuhi ananifungulia, ananiosha uso, ananikalisha kwenye kigoda jikoni, na Mama akifika anakuta mtoto msafi ametulia. Mambo yalikwenda hivyo mpaka nilipokaribia kuvunja ungo, ndipo Mama akapata chumba cha kupanga tukahama.

"Mama hakujua." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kitabu changu. Niliiandika kabla ya nyingine zote, na zote zilizofuata ziliiegemea. Mtu aliyeteswa utotoni anahitaji mtu mmoja, mmoja tu, ambaye hakuwemo kwenye njama. Ukishakuwa naye unaweza kuishi. Unaweza kuolewa, kuachika, kufungua studio, kucheka na watu. Wangu mimi alikuwa Mama. Shangazi nilimchukia mpaka chuki yenyewe ikachoka, lakini Mama nilimweka juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Aliyenizaa alikuwa anafua damu za watu usiku kucha ili mimi nisome, naye alidanganywa kama mimi nilivyoonewa. Nililiamini hilo kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Gazeti moja likachapa sura mbili za mwanzo, na Mama akawa mtu mashuhuri. Majirani walimletea salamu, mwenye duka akamtolea kiti kivulini, wanawake asiowajua walimshika mkono sokoni wakimwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, pole sana, walikuficha. Akawa ananipigia simu kunipa habari. "Leo wamenililia wawili," ananiambia, "na mmoja kanibebea kikapu mpaka nyumbani." Nilifurahi kwa ajili yake. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumbebea kikapu.

Mhariri wangu ni mwanamke tunayemwita Mkasi, kwa jinsi anavyokata maneno ya watu bila huruma. Akasema kitabu kinakwenda kuchapwa wiki ijayo na bado hana picha za nyumba yenyewe. Tena mwishoni kabisa anataka picha ya Mama, ukurasa mzima, na chini yake tabaruku: kwa Mama, ambaye hakujua, na ambaye kama angejua angevunja mlango.

Sasa nieleze ninavyofanya kazi, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwenye picha za kitabu, ukiacha hiyo ya Mama, mimi siweki mtu. Napiga chumba kitupu, lakini kamera naiweka pale palipokuwa macho ya mtoto. Si karibu na pale, pale pale. Kama nilikuwa nimekaa, kamera inakaa. Kama nilikuwa nimelala, kamera inalala sakafuni. Ukikosea shubiri moja tu, chumba kinakuwa cha mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupiga, nalala mwenyewe, naangalia, kisha naiweka kamera mahali kichwa kilipokuwa. Wapiga picha wenzangu wananicheka, wanasema nimeanza uganga.

Mama akasema anakuja nami. "Utagaagaa peke yako kwenye nyumba ya watu, nani atakushikia mkoba?" Alivaa gauni jipya la bluu kwa ajili ya picha yake. Nikamwambia picha yake ni ya mwisho, asilichafue na mkaa. Akanijibu kwamba yeye amefua mashuka ya hospitali nzima, nisimfundishe uchafu.

Shangazi alishafariki zamani, na nyumba ilikuwa mikononi mwa seremala mmoja mchangamfu anayetengeneza vitanda. Sebule aliyokuwa akipokelea wageni Shangazi ilikuwa imejaa mbao, na pale palipokuwa na kochi lake pana mashine ya kuranda. Seremala akamwamkia Mama kwa heshima zote, akatupeleka stoo kana kwamba hatuijui njia, akatufungulia, kisha akaenda kupeleka kabati kwa mteja. "Mkimaliza rudishieni tu mlango," akasema. "Humu hamna cha kuibiwa, labda muibe deni langu."

Stoo iko mwisho wa korido. Ni chumba chembamba kisicho na dirisha, na ukuta wa ndani bado ni mweusi mpaka usawa wa kiuno, pale palipokuwa na mkaa. Seremala alikuwa ameweka humo makopo ya rangi. Nikaanza kuyatoa moja moja. Nilidhani nitalia nikiingia, lakini sikulia. Nilikuwa na hasira na makopo.

"Umenenepa," Mama akasema kutoka mlangoni. "Humo utaenea kweli?"

"Niachie unene wangu, Mama."

"Nimesema tu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Nikalala chini. Nilikuwa na uhakika na mahali pangu, nilikwisha kupaandika: kichwa kwenye mkaa, miguu mlangoni. Sura nzima ya tatu imejengwa hapo, kwamba nilikuwa nikilala mbali na mlango kwa jinsi nilivyouogopa. Mkasi aliisifu sana sura hiyo, naye si mtu wa kusifu. Nikalaza kichwa sakafuni, nikaangalia dari, nikaanza kuvuta kamera.

"Sivyo," Mama akasema.

"Sivyo nini?"

"Hukuwa ukilala hivyo." Alikuwa amekumbatia mkoba wangu, anaikagua sakafu kwa makini, kama mtu anayeangalia shuka lililokunjwa vibaya. "Kichwa kilikuwa huku mlangoni. Pua umeiweka hapa chini penye uwazi, unavuta hewa. Magoti umeyakunja, na umejifunika lile gunia lenye mstari mwekundu. Geuka bwana, utakosea picha."

Nikageuka. Sijui kwa nini niligeuka, nadhani ni mazoea ya kumtii. Nikaweka pua pale, hewa ya korido ikanipiga usoni, na mwili mzima ukakumbuka kwa pamoja. Kweli ndivyo nilivyokuwa nikilala. Nilikuwa nimesahau. Nimeandika kitabu kizima nami nilikuwa nimesahau, na gunia nalo nililisahau, pamoja na mstari wake.

Nikabaki pale chini nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mama," nikasema, "wewe umejuaje?"

"Si umeandika mwenyewe."

"Sikuandika. Nimeandika kinyume chake."

"Basi labda Shangazi yako aliniambia."

"Shangazi alikuambia najifunika gunia lenye mstari mwekundu? Alikuambia lini, mkiwa mnakunywa chai?"

Akaushusha mkoba sakafuni taratibu, maana anajua mna lenzi. Akajipangusa viganja kwenye lile gauni jipya. Nilimwona anatafuta uongo mwingine, akikosa, akitafuta tena, na nilitamani aupate. Naapa nilitamani aupate mzuri, nimwamini, tupige picha, twende zetu nyumbani.

"Mara moja," akasema. "Nilirudi mapema siku moja, nilikuwa na homa. Nikafungua nikakuona. Nikachanganyikiwa, mwanangu, sikujua la kufanya. Ni mara moja tu."

Mara moja ningeweza kuisamehe. Nilianza hata kuisamehe hapo hapo nikiwa bado nimelala, nikimtengenezea sababu: homa, uchovu, woga wa mjane. Lakini mdomo wangu una haraka kuliko moyo.

"Basi nionyeshe," nikasema. "Toka nje ufunge kabisa. Halafu ufungue kama ulivyofungua siku hiyo, uangalie, ufunge. Nataka kujua mtoto angeona nini kama angefumbua macho."

"Mambo gani hayo sasa?"

"Nionyeshe, Mama."

Akatoka, mlango ukafungwa, giza likaingia. Komeo la stoo ile liko nje, chuma cha zamani kilichoshikana na kutu, na mlango wenyewe umelala kwenye bawaba. Tulipofika, seremala alipolifungua lilipiga ukelele mpaka nikaziba masikio, na yeye, fundi wa milango, akalitukana na aliyelitengeneza. Nikawa nimelala nausubiri ule ukelele. Haukuja. Niliona uwazi wa chini ukipanuka kidogo: mtu ameunyanyua mlango kwa goti, akaubana kwa bega. Ukafunguka bila kukwaruza. Mama akasimama juu yangu, mwanga wa korido mgongoni kwake. Akaniangalia, si sana, muda wa kuona tu kifua kikipanda na kushuka. Kisha mlango ukanyanyuliwa tena, ukarudi, na chuma kikaingia mahali pake kimya kabisa.

Mlango ule hakuna mtu anayejifunza kuufunga hivyo kwa siku moja.

Nilibaki gizani. Mimi mtu mzima, ninayefokea wajomba, nikashikwa na hofu kwamba hatanifungulia. "Mama," nikaita. Alikuwa pale pale, nilikuwa naviona viatu vyake kwenye uwazi, na nadhani alikuwa amekwisha kuelewa mikono yake ilikuwa imefanya nini. "Mama, fungua."

Akafungua, na safari hii komeo lilipiga kelele, maana hakuunyanyua tena mlango.

"Mara ngapi?" nikamwuliza.

Akakaa juu ya kopo la rangi. Alionekana mzee ghafla, na sikumwonea huruma, naomba nisidanganye.

"Kila nilipotoka kazini," akasema. "Gari la hospitali lilikuwa likitushusha kungali giza. Napitia mlango wa uani, nakuja kukuangalia kama unapumua. Halafu natoka tena, nakaa kule nje kwenye ngazi mpaka nimsikie wifi ameamka na amekufungulia. Ndipo naingia."

"Unajifanya ndiyo kwanza unafika."

"Ndiyo."

"Na unaniuliza, umekula mwanangu?"

"Ndiyo."

"Yeye amesimama pale. Nami nakujibu nimekula. Sasa kama ulikuwa unajua, ulikuwa unaniuliza nini?"

Akaanza kulia. Nikamwambia asinililie, leo nitalia mimi, lakini na mimi machozi yalikataa kutoka. Nilikuwa nimejaa kitu kingine.

"Tungelala wapi?" akasema. "Niambie. Wewe sasa una studio, unaona kama kila mtu ana pa kwenda. Mimi sikuwa na mtu. Ningekutoa humu mara moja tu, wifi angejua, na tungekuwa barabarani siku hiyo hiyo. Nikajiambia heri stoo yenye paa. Nikajiambia atachoka, ni mwanamke, atamwonea huruma mtoto wa kaka yake. Kila siku nilijiambia kesho."

Niliyaelewa yote. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba niliyaelewa. Ningekuwa mjinga ningemchukia vizuri. Lakini kumwelewa mtu si kumsamehe, watu wanachanganya sana hayo mawili. Shangazi alikuwa adui, na adui anakurahisishia: unamjua, unajikinga naye. Huyu nilikuwa nimemwacha nyuma ya mgongo wangu kwa sababu ndiye niliyedhani ananilinda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakunionya kwamba nitakuwa nimekiandikia tabaruku. Nilisalitiwa na mama yangu alfajiri baada ya alfajiri, nikiwa nimelala, na nikaukuza usaliti huo ukawa sentensi nzuri ambayo watu wanailia sokoni.

"Ulikuwa unakuja kuona kama napumua," nikasema. "Siku moja ungekuta sipumui, ungefanya nini?"

Alifikiri. Hilo nalo liliniuma, kwamba ilibidi afikiri.

"Ningelia," akasema.

Nikatoa simu. Akaniuliza nampigia nani, nikamwambia Mkasi. Akasimama haraka kuliko nilivyodhani magoti yake yanaweza, akanishika mkono.

"Usiiguse ile sentensi," akasema. "Nakuomba. Wewe umesoma, umepata jina, umepata kila kitu. Mimi nimeishi mpaka nimezeeka sina kitu, na sasa nikipita watu wanasimama kunisalimu. Unataka wapite wakinitemea mate? Iache. Mimi si wa kuishi sana. Ungoje nife, kisha uandike utakavyo."

"Nilishakungoja, Mama. Nilikungojea humu ndani."

"Nilikuwa mama yako hata hivyo."

"Ndiyo maana."

Mkasi akapokea. Ana tabia ya kutosalimu, akaniuliza moja kwa moja picha ziko wapi. Nikamwambia picha zinakuja, lakini sentensi ya kwanza ya kitabu iondoke, na tabaruku iondoke, na sura ya tatu naiandika upya maana nililala upande mwingine. Akasema, unajua kitabu kizima kimesimama juu ya ile sentensi, ukiitoa kinaanguka. Nikamwambia najua, na mimi pia nilikuwa nimesimama juu yake. Akauliza basi mahali pake aweke nini.

Mama alikuwa bado amenishika mkono, anasikiliza. Nilimwona anahesabu kichwani mwake anachopoteza: kiti cha kivulini, kikapu, salamu. Kisha akaniachia, akajifuta uso, na akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa bei lakini bado anataka nyongeza:

"Basi andika na kwamba nilikuwa nakuja. Kila siku, hata nikiwa na homa, hata mvua inanyesha. Hilo nalo ni kweli, usilifiche. Andika kwamba nilikuja."

Mkasi alikuwa anasubiri sikioni mwangu. Nikauangalia mlango, nikamwangalia Mama.

"Nitaandika kwamba ulikuja," nikamwambia. "Na nitaandika kwamba ulifunga."